Oliver na Suala la Choo

Leeds, Uingereza

Mjomba, barua hii ni yako na ya wote mliokaa hapo barazani Lushoto kusomewa. Kama Mama Mdogo bado anakula, msomaji asubiri amalize, maana habari yenyewe ni ya choo kuanzia juu hadi chini.

Uliponipigia uliuliza kama ni kweli tunafuga sungura ndani ya nyumba. Nikasema ndiyo. Ukauliza amefikisha kilo ngapi. Mjomba, simu ilikuwa kwenye spika. Mjukuu wako alilia mpaka akapitiwa na usingizi, na tangu hapo jina lako hapa kwetu ni "yule babu anayekula sungura". Nimemweleza kwamba hata Waingereza wanamla, na mabucha mengine bado yanamuuza. Nimezidisha kilio tu.

Sungura anaitwa Oliver. Aliachwa kwetu na familia ya rafiki wa mtoto wetu, waliokuwa wanahama mji, akaletwa na kreti yake, bakuli lake na kadi yake ya chanjo. Msinicheke. Huku sungura anachanjwa kila mwaka, kinga ya miksomatosisi na ya ule ugonjwa wa virusi wa kutokwa damu. Bima ya afya anayo. Mke wangu ndiye anayeilipia, na mimi jino langu bado liko kwenye foleni.

Wenyewe walituhakikishia kwamba Oliver "anakijua choo". Hawakudanganya. Anakijua vizuri sana, ndiyo maana hakukikosea hata kidogo katika kukikwepa. Alikizunguka, akakinusa, akapanda kochi, akamaliza shughuli zake huko juu huku ananitazama usoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ya tatu alishachukua sebule nzima.

Sungura mzima wa afya anadondosha punje 200 hadi 300 kwa siku. Sungura unaowafuga wewe wako bandani, zinapita kwenye wavu, huna sababu ya kuzihesabu. Mimi nazikuta ndani ya kiatu. Kwa kumtendea haki niseme kwamba ni kavu, za mviringo na hazinuki. Tatizo ni kwamba zinafanana mno na mbaazi. Tulikuwa na mgeni hapa, kijana wa Mombasa, mke wangu akampikia mbaazi za nazi na mahamri ili asahau baridi. Katikati ya mazungumzo kijana akaona punje moja kwenye mto wa kochi. Kwa adabu zake za pwani akaiokota na kuirudisha pembeni mwa sahani, asije akaonekana amemwaga chakula cha watu. Hakuna aliyesema neno. Mke wangu akaiondoa ile sahani kwa kisingizio cha kuongeza, akaleta nyingine. Kijana anatusifia upishi mpaka leo, na nyinyi mkikutana naye msimwambie.

Lakini punje unafagia, yanaisha. Balaa ni mkojo. Sungura ana mwili wa ajabu: madini ya chokaa anayokula karibu yote yanaingia kwenye damu, yanayozidi yanatoka kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo mkojo wake ni mzito wenye ukungu, na ukikauka unaacha chokaa nyeupe kwenye zulia. Zulia ni la mwenye nyumba. Amana yetu, kodi ya wiki tano, anayo yeye. Sabuni haifui dafu hapo. Dawa ni siki nyeupe, na sasa nyumba yetu inanuka kachumbari saa zote.

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari akamgeuza chali, akapapasa kidogo, akasema Oliver ni jike. Kumbe kosa hili ni la kawaida, sungura wakiwa wadogo hata wauzaji wanachanganya. Mtoto alikataa katakata kubadilisha jina, kwa hiyo kwenye faili la hospitali imeandikwa Oliver, jike, kilo 2 na kitu. (Mjomba, hilo ndilo jibu la swali lako.) Daktari akaeleza kwamba haya ya kochini hayakutokana na utovu wa adabu. Sungura aliyekomaa anaweka mipaka. Ofisi ya ardhi hana, kwa hiyo anaandikisha mali yake kwa mkojo, na kochi ndiyo mali ya kwanza kwa sababu lina harufu yetu. Ushauri wake: atolewe kizazi. Majike wasiofanyiwa hivyo hushambuliwa sana na saratani ya kizazi umri ukienda, na tabia ya kuweka mipaka hupungua homoni zikishatulia, ingawa inachukua wiki kadhaa baada ya upasuaji. Nikauliza kama kumkemea kungesaidia. Daktari akacheka. Sungura ukimfokea hajifunzi choo, anajifunza kukuogopa wewe.

Muuguzi ndiye aliyetoa siri kubwa. Alisema tuweke nyasi kavu upande mmoja wa trei ya choo, kwa sababu sungura hupenda kula na kujisaidia kwa wakati mmoja. Mjomba, mimi niliyelelewa na Bibi, ambaye hata kuongea chooni alitukataza, nilimwomba arudie. Akarudia. Basi tulinunua trei kubwa ya paka, tukatandika vidonge vya karatasi, maana mchanga wa paka unaogandamana akiumeza unamziba tumbo. Nyasi tukazijaza kwenye kona. Oliver akaingia, akaketi, akatafuna, na mambo mengine yakajiendea yenyewe. Nyasi ndiyo sehemu kubwa ya chakula chake, kwa hiyo sasa anashinda msalani.

Sharti lilikuwa moja: trei iwe kwenye kona anayoitaka yeye. Sungura hawa asili yao ni Hispania na Ureno, na wenzao wa porini huko wana sehemu maalumu za kujisaidia karibu na mashimo yao. Ndiyo sababu wanafundishika, na ndiyo sababu pia hawapangiwi mahali. Oliver alichagua nyuma ya televisheni. Televisheni imehamia jikoni. Mpira wa Jumamosi nautazamia kwenye stuli, karibu na jokofu.

Kuna jambo jingine ambalo Bibi hakuligusa katika hadithi zake zote za Sungura na Fisi. Alfajiri mtoto alipiga kelele kwamba Oliver anakula kinyesi chake. Nikakimbilia simu ya dharura. Kumbe ni kweli na ni lazima: wana kinyesi cha aina ya pili, laini, kilichojaa protini na vitamini, wanakipokea palepale kinapotokea. Wako pia wanafanya hivyo, Mjomba, ila wewe wakati huo umelala.

Kinachoniuma ni hesabu. Wewe unakinga mkojo wa sungura kwenye dumu, unauchanganya na maji, unapulizia kabichi, na nasikia Kenya wanauuza kwa lita. Mimi nautoa kwenye zulia kwa siki ya kununua. Nafuu ninayoipata ni kwa mzee jirani, anayelima rubabi, ule mmea wa mabua mekundu machachu uliozipa sifa sehemu hizi kati ya Leeds na Wakefield. Zile punje nampelekea, anaziweka shambani moja kwa moja, hazihitaji kuozeshwa. Ananipa mabua, majani anayatupa kwa kuwa ni sumu, na mke wangu anayapika hayo mabua kwa sukari nyingi. Sijayazoea.

Kwa sasa Oliver anakosea mara chache. Akianza tena ghafla itabidi arudi kwa daktari, maana huenda ni kibofu kinamsumbua. Ila wataalamu wa huku wanasema sungura hapaswi kuishi peke yake, na mama na mtoto wameshapitisha azimio bila kura yangu. Wa pili anakuja mwisho wa mwezi. Na mgeni akiingia, hata mwenyeji aliyefuzu choo huanza kuweka mipaka upya.

Kwa hiyo Mjomba, zile pesa za mabati ya banda nilizokuahidi naomba univumilie hadi Machi. Na mjukuu wako akija kwenye simu, tafadhali, usiulize kilo za huyo wa pili.