Jinsi ya Kutabiri Msimu wa Kikapu Ukiwa Mwembe Tayari

Pita Mwembe Tayari baada ya isha, pale ofisi za mabasi ya Nairobi na muuza kahawa na dele lake wanapogombania upande mmoja wa barabara, utasikia nani atachukua ubingwa wa NBA, nani atakuwa mchezaji bora na nani atauzwa kabla ya Februari. Mambo yote yameshakatwa na mshale wa saa haujafika saa tatu. Sasa uliza swali moja dogo: KPA, timu yetu ya kikapu, wanacheza lini, na nani? Baraza zima litageuka kuangalia kashata.

Ukumbi wa Makande, nyumbani kwa KPA, uko jirani. Tuktuk ikuchukue au uende kwa miguu, utafika kabla hoja ya nani mkubwa kati ya Jordan na LeBron haijaisha. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu, kwa mapenzi na kwa hasira kidogo. Watu wenye vichwa vizuri hivi vya kukumbuka takwimu wanazimwaga zote ng'ambo, na ligi iliyo mlangoni mwao inaanza na kumalizika bila mtabiri hata mmoja wa maana.

Tuanze na kuacha tabia. Mechi ya NBA inayoanza saa moja na nusu jioni kule New York, hapa Mombasa ni saa nane na nusu usiku mwanzoni mwa msimu, mwezi wa Oktoba. Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma Novemba, inakuwa saa tisa na nusu. Nani yuko macho saa hiyo? Mlinzi wa duka na mwenye mtoto mchanga. Wataalamu wengine wote wa barazani wanaamka, wanafungua simu, wanatazama vipande vya dakika tatu, halafu wanatoa hukumu ya msimu mzima. Katika vipande hivyo hakuna mpira unaokosa kikapu. Hakuna beki aliyesimama mahali pake sawasawa mpaka mpinzani akaghairi kurusha. Hakuna mtu wa benchi aliyeingia dakika nne akazuia timu isizame. Na hayo ndiyo yanayoamua nani atakuwa juu miezi sita baadaye. Kwa hiyo amri ya kwanza ni hii: mechi ambayo hukuitazama kutoka mwanzo hadi mwisho usiitolee utabiri. Ukiona amri hiyo inakunyamazisha wiki mbili, nyamaza. Kahawa itanyweka vilevile.

Ya pili, jifunze kwamba huu wa kwetu ni mchezo wenye vipimo vyake. Ligi ya Kenya huchezwa kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani. Mechi ni dakika 40, si 48. Mchezaji anatolewa akifikisha makosa matano, si sita. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka kikapuni, ilhali wa NBA uko mita 7.24 sehemu kubwa ya mzunguko wake. Ukiziweka pamoja tofauti hizo, utaona kwa nini mtabiri aliyelelewa na NBA huanguka akija Makande. Senta wako akipata makosa mawili katika robo ya kwanza, kocha hana budi kumkalisha, na zile dakika nane ulizozoea kuziona Marekani za kurudisha mambo hazipo. Timu yenye senta mmoja mzuri na nyuma yake hakuna mtu ni timu ya kuipangia nafasi ya tano, hata kama senta huyo anagusa taa za ukumbi.

Na jedwali la msimamo lisome vizuri, nakusihi. Ushindi una pointi mbili, kufungwa kuna pointi moja, na asiyetokea uwanjani hapati kitu. Maana yake timu iliyocheza mechi nyingi inaweza kukaa juu ya jedwali huku imefungwa mara nyingi kuliko ile iliyo chini yake. Anza kusoma safu ya mechi walizopoteza. Nimesikia ubishi mkali kabisa uliojengwa juu ya safu ya pointi peke yake, sauti zimepanda, ami mmoja ameshavua kofia, na pande zote mbili zimesoma safu isiyostahili.

Sasa tufike penye uzito. Ukitaka kujua timu ya Kenya itafanya nini msimu ujao, usianze kwa kuuliza nani anafunga sana. Uliza: nani anamlipa, na anamlipa kwa kazi gani? Kwa miaka mingi ligi yetu imebebwa na taasisi. KPA ni ya bandari. Ulinzi Warriors ni ya jeshi. Equity na Co-op ni za benki. Strathmore, USIU, Zetech na Chuo Kikuu cha Nairobi ni za wanafunzi. Kila mwajiri ana kalenda yake, na kalenda hiyo ndiyo nyota unayoitafuta kwa mnajimu.

Timu za vyuo: kabla hujazipangia nafasi, pata ratiba ya mitihani. Kijana aliyekesha na vitabu usiku wa Ijumaa hatakimbia Jumamosi jioni kama alivyokimbia mwezi uliopita. Kisha angalia nani anahitimu. Timu ya chuo inaweza kukusisimua msimu huu, halafu mahafali yakachukua watu watatu wa kikosi cha kwanza kwa siku moja, wote wamevaa joho, wazazi wanapiga vigelegele, na kocha amesimama pembeni anafanya hesabu. Benki na bandari mara nyingi ndizo zinazowapokea vijana hao. Mtabiri hodari basi anahudhuria mahafali kwa macho.

Timu za taasisi zina nguvu nyingine. Mtu mwenye kazi na jezi mahali pamoja hukaa. Akikaa anajua mwenzake atakata wapi bila kutazama, na robo ya nne ya mechi ngumu mazoea hayo yana thamani kubwa. Ubaya wake ni umri. Kikosi kinachokaa pamoja kinazeeka pamoja. Tazama magoti yaliyofungwa bandeji wakati wa kupasha moto misuli, kabla hata refa hajapuliza. Nenda mapema ukayatazame, hakuna anayekukataza.

Halafu ikaja Nairobi City Thunder na kuchafua hesabu zote za zamani. Klabu hiyo, chini ya kampuni ya Twende Sports, iliamua kuendeshwa kama biashara ya michezo: mchezaji analipwa kwa sababu ni mchezaji, na kazi yake ni kikapu. Ndiyo timu ya kwanza ya Kenya kufuzu kwa BAL, ligi ya mabingwa wa Afrika iliyoanzishwa na NBA pamoja na FIBA na kuchezwa kwa mara ya kwanza mjini Kigali mwaka 2021. Mei 2025 Thunder walikuwa Kigali, kwenye BK Arena, katika kundi la Nile pamoja na APR ya Rwanda, MBB ya Afrika Kusini na Al Ahli Tripoli ya Libya. Mwezi uliofuata Al Ahli Tripoli wakatwaa ubingwa wote wa BAL kule Pretoria. Vijana wetu walitupwa chungu kimoja na timu iliyokuwa njiani kuwa bingwa wa bara. Kwa mtabiri, somo ni la moja kwa moja: timu iliyokutana na watu wa aina hiyo hurudi nyumbani na kasi nyingine. Pengo kati ya Thunder na wengine halitazibwa kwa kumsajili mrefu mmoja kutoka ng'ambo wiki mbili kabla ya mchujo. Litazibwa siku klabu nyingine zitakapokubali kumlipa mtu kwa mazoezi ya asubuhi na ya jioni. Ningetamani sana ya kwanza iwe ya kisiwa hiki.

Barabara nayo ni mchezaji. Kutoka hapa Mwembe Tayari hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na timu nyingi za ligi ziko huko juu. KPA wakipanda, mara nyingi hupangiwa mechi mbili wikendi moja, Jumamosi na Jumapili, katika mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mapafu yaliyozoea Likoni yanalalamika huko. Kwa hiyo usiwahukumu KPA kwa mechi ya Jumapili ya ugenini. Wapime kwa ya Jumamosi. Timu ya Nairobi ikiteremka, mizani inageuka. Makande kukiwa na joto la kaskazi, kati ya Desemba na Machi, mgeni anatoka jasho tangu kwenye kupasha misuli, na robo ya tatu mikono yake haiinuki. Mtu anayekuandikia ratiba ya utabiri bila kujua kama mechi iko kaskazi au kusi, mwambie akae chini, aagize tangawizi, aanze upya. Na Ramadhan ikiangukia ndani ya msimu, angalia saa ya mechi. Anayefunga akicheza saa kumi jioni na anayecheza baada ya kufuturu na kupumzika ni watu wawili tofauti, ingawa jezi ni moja.

Hapa nataka kusimama kidogo. Barazani mtu hutabiri ligi ya wanaume, akamaliza, akafuta mdomo. Wanawake je? KPA ya wanawake imewakilisha nchi katika mashindano ya vilabu ya Afrika, na ushindani wake na Equity Hawks ni miongoni mwa mambo matamu kabisa ambayo kikapu cha Kenya kinaweza kukupa. Mechi zao huamuliwa na ulinzi, na kudaka mipira iliyogonga chuma, na mitupo ya adhabu inayopigwa miguu ikitetemeka kwa uchovu. Anayeziruka mechi hizo anakosa darasa ambalo lingemfundisha kuzisoma hata zile za wanaume. Kwa mwongozo huu, utabiri usio na wanawake hauhesabiwi. Muuza kahawa aukatae.

Kuna jambo ambalo hakuna ratiba wala kalenda ya mitihani itakayokuonyesha. Februari 2021, mjini Yaounde, Kenya Morans, timu yetu ya taifa ya wanaume, walikutana na Angola katika mechi za kufuzu kwa AfroBasket. Angola wakati huo walikuwa wameshakuwa mabingwa wa Afrika mara 11. Kenya haikuwa imecheza AfroBasket tangu 1993, ilipokuwa mwenyeji na kumaliza ya nne. Kocha alikuwa Liz Mills, Mwaustralia, ambaye baadaye mwaka huohuo kule Kigali alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume katika mashindano hayo. Sekunde za mwisho kabisa mpira ukamfikia Tylor Ongwae, akarusha, ukaingia. Kenya 74, Angola 73. Ungekuwa umeandika utabiri kwa kila kanuni niliyoitaja hapa, ungewapa Angola, na ungekuwa umefikiri vizuri. Ndiyo maana kila karatasi ya utabiri iachwe mstari mmoja wazi kwa ajili ya timu ambayo moyo wako unaitaka. Andika jina lake kwa wino wa rangi nyingine ili wenzako wajue kwamba hapo hesabu zimeishia.

Utaratibu wa kutangaza sasa. Siku moja kabla ya mechi ya kwanza, andika kwenye karatasi, kwa kalamu. Simu hufutwa. Panga timu zote, wanaume na wanawake, na mbele ya kila moja sababu ya sentensi moja. "Wako vizuri" si sababu. "Wamepoteza watu watatu kwa mahafali" ni sababu. Karatasi akabidhiwe muuza kahawa, kwa kuwa ndiye pekee barazani asiyekosa hata jioni moja na ndiye anayeheshimiwa na pande zote. Mabadiliko hayaruhusiwi katikati ya msimu, hata kama mjomba wako amesikia jambo kutoka kwa dereva wa basi. Kisha nenda Makande. Mtabiri ambaye hajakanyaga ukumbini tangu msimu uanze asipewe nafasi ya kuongea mchujo ukifika, awe na mvi au awe na miwani.

Yangu haya. Wanaume, Thunder watamaliza juu kwenye msimu wa kawaida, kwa sababu benchi yao ni ndefu na mazoezi ndiyo kazi yao. Ulinzi watasumbua kila mtu kwa pumzi na nidhamu, na wataishia nusu fainali. Timu moja ya chuo itamfunga mkubwa mmoja mapema, kabla ya mitihani, na magazeti yataiandika sana. Fainali, kwa ule mfumo wa mechi tano tuliouzoea, Thunder na KPA, na Thunder watamaliza kwa mechi nne, ile moja wakiwa wameipoteza Makande. Wanawake, KPA na Equity mpaka mechi ya tano, na kombe linakuja Mombasa. Kwenye mstari wa wino wa rangi nyingine nimeandika KPA ya wanaume.