Mraba wa Inchi Tano

Uso bado unaniwaka. Jumamosi iliyopita, hapa Oakland, taa nyekundu na buluu zilinisimamisha mbele ya mama mkwe, aliyetoka Tanga juzi tu na bado anawasimulia watu kwamba bintiye kaolewa na mtu mwenye adabu zake. Askari hakuwa na neno na mwendo wangu wala mkanda. Tangu 2024 sheria ya California inamtaka aseme sababu ya kukusimamisha kabla hajaanza maswali, na huyu aliitii kwa raha zote: kamera yako imekaa pabaya.

Sheria yenyewe ya kamera ni tamu, naomba mtulie. Kifungu cha 26708 kinakataza kubandika vitu kwenye kioo cha mbele, kisha kinaanza kugawa viwanja kama ofisi ya ardhi. Kona ya chini upande wa abiria: mraba wa inchi 7. Kona ya chini upande wa dereva: mraba wa inchi 5, tena nje ya njia ya mfuko wa hewa, usije ukafumuka na kukutia kamera puani. Juu kabisa, katikati: inchi 5 nyingine. Hapo ndipo penyewe, maana kamera inaona barabara nzima na wewe huioni. Tatizo ni kwamba kiwanja hichohicho wamepewa pia vifaa vya kulipia madaraja, na mimi huvuka Bay Bridge. Kifaa cha daraja kilitangulia. Kamera ikasogea chini kidogo, ikawa mvamizi.

Utendaji wake nao umeandikwa sheriani. Inarekodi mfululizo picha, sauti na mtikisiko, mapya yakifuta ya zamani. Kinachohifadhiwa ni kile tu kilichotokea gari lilipopata msukosuko au dereva alipobonyeza kitufe: sekunde 30 kabla, 30 baada, basi. Nimekesha nikiyasoma haya. Ndani ya kamera mna kihisi kisichojua ajali ni nini. Kinachojua ni kushtuka. Ukigongwa na lori kinashtuka, ukiingia shimoni kinashtuka, na vyote viwili kwake ni msiba.

Askari akanyoosha mkono dirishani kwangu, akaigonga kamera kwa kalamu, ko-ko-ko, kunionyesha mpaka niliouvuka. Hapo mama mkwe, huko nyuma, akaona aniokoe.

"Mwanangu, si umpe hela ya soda twende zetu?"

"Anasemaje?" askari akauliza.

"Anauliza kama una kiu."

Askari akatabasamu, akaweka mkono kifuani, akasema anashukuru sana, maji anayo garini.

"Kakataa?" mama akauliza. "Kaiona ndogo huyo. Muongeze."

Kumbe zile ko-ko-ko, kwa kihisi changu, zilikuwa ajali. Kamera ikalia pii, ikaifungia faili isifutike. Kwa hiyo ushahidi pekee iliowahi kuuhifadhi, kamera niliyoinunua inilinde na walimwengu, ni wa mama mkwe akipandisha dau la kumhonga askari wa Marekani. Sheria inasema rekodi ni mali ya mwenye gari. Ahsante.

Sheria inataka pia tangazo la kuwaambia abiria kwamba mazungumzo yao yanaweza kurekodiwa. Nimelibandika, na sasa rafiki zangu wakipanda wananisalimia kwa kichwa.

Lakini magari yaliyotupita pale niliposimamishwa, simu zimebandikwa katikati ya kioo, hayakusimamishwa. Mwaka 1996, katika kesi ya Whren, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kosa lolote la barabarani linatosha kumsimamisha mtu, hata kama askari moyoni mwake anatafuta jingine. Mwezi wa Aprili 2021, huko Minnesota, Daunte Wright, kijana mweusi wa miaka 20, alisimamishwa. Polisi walitaja usajili wa gari uliopitwa na muda na kifaa cha manukato kilichoning'inia kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Alipigwa risasi palepale na askari, akafa. Mama mkwe hayajui hayo, ndiyo maana alikuwa anacheka. Mimi mikono yangu ilikuwa juu ya usukani, vidole vimetanuliwa, kama tunavyofundishana sisi weusi.

Nilipewa karatasi ya kurekebisha: sogeza kamera, askari athibitishe kwa saini, lipa dola 25, kesi ifutwe. Nikaihamishia kona ya abiria, nikapima kwa rula ya mwanangu, nikapima tena, nikaenda kituoni na rula mfukoni. Askari wa zamu alisimama mlangoni, akalitupia gari jicho, akasaini.

"Hupimi?" nikamuuliza.

Akacheka. Nani ana muda wa kupima, akasema, akanielekeza mahakamani nikalipe.