Kamati ya Mazoezi ya Nyumba Moja

Kilicholeta mazoezi nyumbani kwetu si daktari, ni suruali. Mume wangu aliitoa kabatini suti ya harusi yetu ili aivae kwenye sendofu ya mpwa wake. Koti lilikubali kwa masharti, suruali ikakataa kabisa. Alivuta pumzi, akalala chali kitandani, akaniita nivute zipu, akamwita na kifungua mimba wetu wa miaka 13 ashike kiuno upande wa pili. Kifungo kiliruka kikagonga kioo. Mwenye suruali akasema kitambaa kimesinyaa kwa kukaa muda mrefu kabatini.

Kitambi kile hakukipata peke yake, na ukoo mzima unalijua hilo. Kwetu kitambi cha mume ni cheti cha mke. Kila tukienda kwao Lushoto, shangazi zake humshika tumbo kisha hunigeukia mimi: "Hongera mama, unamtunza." Akionekana amepungua shavu kidogo tu, napigiwa simu za kuulizwa kama nyumbani kuna amani. Anayesema hatujali afya namshangaa. Tunaijali sana, ila tunaipima kwa upana.

Siku zilezile za Septemba 2025, Alphonce Simbu akashinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo. Kilomita 42 na ushei, halafu akamzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Mume wangu alirudia kuitazama ile hatua ya mwisho hadi watoto wakaomba katuni zao. "Hii ni nchi ya Filbert Bayi!" alisema akiwa amelala kwenye kochi. "Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, na sisi tunapanda bajaji kwenda kununua vocha." Usiku huo akafungua kundi la WhatsApp la familia, watu watano wa nyumba moja, akajiteua mwenyekiti wa kamati ya mazoezi. Mimi niliteuliwa mweka hazina, cheo ambacho kazi yake ilikuwa kununua raba.

Mwenyekiti ni mhasibu, kwa hiyo alianza na bajeti. Alisoma mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020: mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku. Akatafuta na ule wa 2019 wa watoto wadogo, akakuta wa miaka 3 na 4 wanatakiwa kujishughulisha dakika 180 kwa siku. Kifungua mimba ana 13, wa kati ana 9, kitinda mimba ana 4. Mwenyekiti akajumlisha, sisi wawili akitupa kiwango cha chini, akapata dakika 2,400 kwa wiki. Akagawa kwa 60. Saa 40.

"Hii ni ajira," alisema.

Saa 21 kati ya hizo zilikuwa za kitinda mimba, na hakuhitaji kukumbushwa. Wakati baba yake anagawa, yeye alikuwa juu ya friji. Mwongozo ule wa 2020 unasema kazi za nyumbani nazo zinahesabiwa, na kwenda kazini kwa miguu pia. Sehemu hiyo Mwenyekiti aliiruka, nadhani kwa sababu ingeonyesha kwamba mimi na dada wa kazi tunamaliza dakika zetu Jumatatu kabla ya chai ya saa nne.

Mbio zilipangwa Jumamosi alfajiri. Siku za wiki basi la shule huwachukua watoto saa kumi na moja na nusu, kungali giza, na mtoto anayelala akiwa amesimama huwezi kumwambia apashe misuli. Tulitoka na kila kilichofanana na michezo: mimi dera juu ya traksuti, Mwenyekiti bukta aliyochezea UMISSETA enzi zake. Suruali ya suti ilimkana, bukta ikampokea. Lastiki haina kinyongo.

Tunaishi Goba, na watu wa Goba hawajazoea kuona familia nzima inakimbia. Wahenga walishasema hakuna anayekimbia kwenye miiba bure, ama anafukuza ama anafukuzwa. Anayefanya mazoezi hawakumwachia nafasi. Bodaboda wa kwanza alipunguza mwendo: "Mama, pandeni, mtachelewa." Wa pili akajitolea kutupakia wote watano kwa nauli ya watatu. Jirani yetu muuza maandazi alituona tunakata kona tukihema, kitinda mimba mgongoni kwa baba yake, akaliacha karai jikoni akaungana nasi. Alikimbia vizuri tu, tena kwa ndala, mpaka kwenye kalavati ndipo akauliza: "Ni nyuki au ni moto?"

Nilipomwambia ni mazoezi alinitazama kuanzia juu hadi chini, akageuza bila kuaga. Maandazi yake yalikuwa yameungua. Ujirani ni ujirani, tukayanunua yote, na yaliyonunuliwa hayatupwi.

Mvua zilipoanza tukahamia sebuleni. Mwalimu wa kwenye YouTube hufundishia kwenye chumba kitupu chenye sakafu ya mbao. Sebule yetu ina makochi, meza ya kioo, feni ya dari inayoning'inia chini kuliko busara, na kabati la vyombo ambavyo havijawahi kutiwa chakula tangu tuzawadiwe. Tuliporuka sisi, viliruka na vikombe. Mwalimu akasema tuchukue kiti imara, tuweke mikono nyuma, tujishushe taratibu. Tulichukua cha plastiki. Mwenyekiti alijishusha, miguu ya kiti ikaachana kila mmoja na njia yake, na kuanzia siku hiyo tukawa na mwenyekiti asiye na kiti.

Hakukata tamaa. Alihamia kwenye hatua. Simu yake inahesabu hatua, akaweka lengo la 10,000 kwa siku kwa kila mmoja, na zawadi kwa mshindi. Wengi huamini namba hiyo ilitoka maabara. Ilitoka Japani, kwenye kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa mwaka 1965, na ilichaguliwa zaidi kwa kuwa inapendeza kuitaja kuliko kwa kuwa kuna aliyeipima. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba hata mahari hutajwa kwa namba inayopendeza, na watu wanalipa.

Kifungua mimba, ambaye likizo nzima hatoki kitandani isipokuwa kwa harufu ya chipsi, akaanza kuongoza. Hatua elfu kumi na mbili, elfu kumi na tano, siku moja zaidi ya elfu ishirini, na mwenyewe hata jasho hana. Baba yake alijivuna mpaka ofisini. Mimi nilishangaa kwa nini kaka mtu amekuwa mpole, kila asubuhi anamvalisha mdogo wake kaptula. Simu ya kaka mtu ilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa kitinda mimba, mfuko umefungwa kwa pini mbili. Tuligundua jioni ambayo pini zilifunguka na simu ikaingia kwenye ndoo ya maji ya kudekia, ikiwa imeshahesabu hatua nyingi kuliko za nyumba nzima ikijumlishwa. Mwenyekiti alikasirika, kisha mhasibu aliyemo ndani yake akaanza kucheka: kijana amepata faida kwa kazi ya mtu mwingine, huyo atafika mbali.

Zikabaki klabu za jogging, ambazo ni mali halisi ya Dar es Salaam na sitaki kuzisema vibaya. Jumapili asubuhi mamia ya watu hutoka na fulana za rangi moja, na nyimbo za mchakamchaka zinazoamsha hata waliolala saa kumi. Anayechoka anavutwa na wimbo. Tulialikwa na moja, tukakimbia kwa kweli, na wa kati akawa anaitikia nyimbo ambazo nimeomba asiziimbe shuleni. Tatizo la klabu ni mwisho wa safari. Mwisho wa safari kuna sufuria la supu. Kuna supu ya kongoro, ya utumbo, ya kuku wa kienyeji, na mpishi anayekutazama jasho lako na kukuongezea mnofu kwa huruma. Mwenyekiti alikula bakuli mbili na chapati, akasema anarudisha nguvu. Zilirudi zote, zikaja na wageni. Sendofu alikwenda na shati la kitenge lisilochomekewa.

Halafu mama mkwe akaja kutibiwa macho. Alishuka kwenye bajaji Jumamosi asubuhi, akafungua geti, akamkuta mwanawe na wajukuu wamepanga mstari uani, mikono masikioni, wanaruka kichurachura.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu, mama. Ni mazoezi."

"Na huyu mkubwa?"

Macho yake yana mtoto wa jicho, lakini alikuwa ameona sawasawa. Kwa mtoto wa shule za kwetu, mwendo wa kuamriwa ni adhabu. Umechelewa, kichurachura. Umepiga kelele, pushapu. Hukumaliza hesabu, zunguka uwanja. Kutotikisika ndiyo tabia njema. Wa kati alipoambiwa mara ya kwanza aruke kichurachura alianza kulia, akijitetea kwamba si yeye aliyelamba maziwa ya unga. (Ni yeye.) Nasi wazazi tunaamka na nyimbo zetu: tulia, kaa chini, usirukie kochi, shuka kwenye friji. Tunalipa ada ili mtoto akae kwenye dawati kutwa na kwenye basi asubuhi na jioni, halafu wikiendi tunamdai dakika zake zote kama deni la kausha damu.

Mama mkwe hakuhutubia. Aliomba soksi zilizopotelewa na wenzao, na nyumba ya watoto watatu haikosi soksi za namna hiyo. Zamani mpira wa soksi tungeujaza mifuko ya plastiki, lakini mifuko ilipigwa marufuku mwaka 2019, basi akajaza matambara, akafunga kamba, akaurusha hewani na kuudaka kwa mkono mmoja. Mgonjwa wa macho.

Pembeni mwa nyumba yetu kuna kiwanja kitupu chenye mwembe na ukuta wa upande mmoja ulioandikwa kwa rangi nyekundu KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Tulikwenda hapo kucheza rede. Warushaji wawili husimama pande mbili, aliye katikati anakwepa mpira huku akijaza mchanga kwenye chupa, chupa ikijaa ameshinda. Nilikuwa bingwa wa rede shule ya msingi, jambo ambalo sijawahi kupata nafasi ya kuliandika kwenye maombi ya kazi. Niliingia katikati na dera langu. Mwenyekiti akarusha kwa hasira za kiti, za simu na za suruali kwa pamoja. Nilikwepa wa kwanza, nikainama wa pili, wa tatu ukampata muuza maandazi aliyekuwa anapita. Hakuuliza kama ni nyuki au ni moto. Aliweka beseni chini, akakunja kanga, akauchukua mpira.

Kufikia saa kumi na moja watoto wa mtaa mzima walikuwapo. Kifungua mimba aliacha simu yake ndani kwa hiari, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Baba yake alihema mpaka akakaa chini, akainuka akidai mpira ule haukumgusa, akabishana na binti wa miaka minane, akashindwa kesi. Hakuna aliyehesabu dakika. Tulisimamishwa na adhana ya magharibi na harufu ya maharage ya mtu yaliyokuwa yanaungua, na yalikuwa yangu.

Kitambi kipo bado, na shangazi wa Lushoto wametulia. Kundi la WhatsApp sasa hutumika kuulizana nani amemaliza mkate. Lakini jioni ambazo basi la shule limerudi mapema, watoto hupita getini bila hata kuvua sare, na mimi nimeacha kuwauliza kazi ya nyumbani kabla ya saa kumi na mbili. Itafanywa. Haijawahi kukimbia.

Lililobaki ni ombi, na nakuomba wewe mwenye kiwanja, popote ulipo. Ukuta wako umeandikwa hakiuzwi, nasi tumeheshimu, hata madalali tunawafukuza kwa niaba yako. Usijenge kwanza. Kama lazima ujenge, subiri kitinda mimba amalize darasa la saba. Na ukishindwa kusubiri, weka geti upande wa mwembe, utuachie mita kumi za mchanga.