Namna ya Kutafuta Kazi Nunguni Bila Hatari ya Kuipata

Wewe mwanafunzi wa chuo ambaye likizo ndefu imekurudisha kwenu milimani Kilungu, acha kulalamika kwamba huna kazi. Unayo. Kutafuta kazi ni kazi: ina saa za kuripoti, ina sare yake (shati jeupe, na sweta juu ikiwa ni Julai, maana baridi ya Nunguni haiheshimu wasomi), na ina wakubwa wengi kuliko wizara. Tofauti ni mshahara tu. Huku anayelipa ni wewe. Ukishakubali hilo, kilichobaki ni ufundi.

Anza na uzoefu. Kila tangazo linautaka, miaka miwili au mitatu, hata kama kazi yenyewe ni kukaa nyuma ya kaunta na kupokea simu. Usiulize mtu hupata wapi uzoefu wa kazi ya kwanza. Hilo ni swali la wasio na uzoefu. Hakikisha pia kwamba wasifu wako hautaji kazi yoyote uliyowahi kufanya. Umeuza parachichi za nyumbani tangu shule ya msingi, na dalali akisema "hizi ni ndogo" unajua lori lake halijajaa na hawezi kuondoka bila zako? Hiyo si biashara, huko ni kumsaidia mama. Umekaa kwenye kibanda cha M-Pesa cha shangazi Desemba nzima na hesabu zikalingana kila jioni? Hiyo nayo si uhasibu, ni adabu. Umefundisha hisabati kidato cha pili muhula mzima, ukilipwa na bodi ya shule kutoka kwenye mchango wa wazazi? Hapo kuwa mwangalifu sana, maana inakaribia kuwa kazi. Ifute.

Badala yake andika kwamba wewe ni mchapakazi, mwaminifu, unayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo bila kusimamiwa. Huna haja ya kuitunga sentensi hiyo. Ilikuwa kwenye kompyuta ya saiba kabla hujazaliwa, na mama mwenye saiba ataibandika bila kuulizwa. Kisha atasema, "Kijana, nitoe nakala ngapi?" Mwambie atoe nyingi. Uchumi wa soko hili unakutegemea.

Sasa njoo kwenye vyeti, maana hapa ndipo penye utamu. Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 iliandikwa kwa ajili ya viongozi, ili mwizi asikalie kiti cha umma. Viongozi walishapita mlangoni zamani. Siku hizi sura hiyo inailinda nchi dhidi yako, uliyeomba ukarani. Utahitaji cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Utahitaji cha KRA, kuthibitisha kwamba hudaiwi kodi ya mapato usiyonayo. Utahitaji cha CRB, kwamba mikopo yako haijaoza, na fomu ya EACC ya kutangaza kwamba u msafi kwa mambo ya ufisadi. Usijisifu kwa hili la mwisho. Bado hujapewa nafasi.

Cheti cha polisi kinaombwa kwenye eCitizen, shilingi 1,050. Fomu yake ya alama za vidole inaitwa C-24, na sharti ichapishwe mbele na nyuma ya karatasi moja. Ichapishe kwenye karatasi mbili, ndipo upate sababu ya kusafiri tena.

HELB, bodi iliyokukopesha karo, ina heshima ya peke yake. Ukimaliza masomo inakupa mwaka mmoja wa kupumua, halafu inaanza kudai, na ukinyamaza faini ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Katika Kenya nzima, sijui taasisi nyingine inayoamini kwa moyo wote kwamba umeshapata kazi. Hata mama yako ana mashaka.

Kuna habari moja inayoweza kukuharibia mpango, kwa hiyo isome haraka uisahau: Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa mwajiri hapaswi kukudai vyeti hivi kabla hajawa tayari kukupa mkataba wa maandishi. Usiinukuu getini. Bawabu hajaisikia, na bahasha yako imo mkononi mwake.

Baada ya vyeti, watu. Swali la kwanza utakaloulizwa na kila jirani si umesomea nini bali "Una nani pale?" Lazima uwe na mtu. Kama mjomba anafanya kazi Wote, makao makuu ya kaunti, mtembelee, na usiende mikono mitupu: beba kuku na muthokoi. Mjomba atakula, atakuuliza habari za mvua, atakwambia "tutaona". Neno hilo halina tarehe, lakini kuku ameshaliwa.

Mheshimiwa MCA, mwakilishi wa wadi, huonekana matangani Jumamosi. Subiri amalize kuwapa pole wafiwa na kuwarushia vijembe wapinzani wake, umkimbilie kabla mlango wa gari haujafungwa. Atachukua bahasha kwa mikono miwili. Msaidizi wake ataichukua kwa mmoja.

Akitokea mtu wa kukuahidi Qatar, au kazi ya ghala Nairobi, mradi utume kwanza pesa ya sare na ya daktari kwa namba ya simu, hapo natoka kwenye utani kidogo: usitume. Mwajiri wa kweli hakuuzii kazi. Haya, tuendelee.

Huenda, pamoja na juhudi zote hizi, simu ikalia na sauti ikasema uripoti Jumatatu. Usizirai. Uliza mshahara. Utaambiwa kwamba miezi mitatu ya kwanza haina malipo, ni ya kukupa uzoefu, na chakula cha mchana ujitegemee. Kubali bila wasiwasi. Hutakuwa umevunja hata kanuni moja ya mwongozo huu. Nauli ya kuteremka hadi mji wa Salama, ongea na mama.