Vitundu Viwili

Nimerudi Mkwaja na magongo mawili, goti la bandeji na aibu. Kila anayekuja kunipa pole anataka kuona mshono wa maana, nami nina vitundu viwili tu, kila kimoja kama punje ya hindi. Kwenye kimoja daktari wa Dar alipitisha kamera, kwenye cha pili akaingiza mkasi na kunyofoa gegedo lililochanika. Mjapani Masaki Watanabe aliifanya kazi hiyo mwaka 1962, na nadhani tangu siku hiyo hakuna mgonjwa wa goti aliyehurumiwa sawasawa.

"Basi ndiyo haya?" aliuliza shemeji, akalifunika tena bakuli la uji. Sisi tunapakana na hifadhi ya Saadani, bwana. Hapa jeraha lenye heshima ni la tembo.

Hawajui kwamba ndani walijaza maji ili kamera ione njia. Goti lilitoka limevimba kama dafu. Ganzi ilipoisha, nikawataja marehemu wote wa ukoo.

Karatasi ya daktari inaeleza vizuri: mguu uwe juu kuliko moyo. Mito ya nyumba hii haikufika huko, ikabidi chini yake liingie gunia la makumbi. Barafu dakika 20, iviringwe kitambaa. Barafu ya kwanza ilitoka kwenye tenga la samaki; tangu hapo paka wa jirani hanibanduki. Nikahamia barafu za ukwaju, zile za vifuko. Choo cha kuchuchumaa karatasi haikukigusa kabisa, nami nitafuata adabu hiyohiyo.

Msiba ni vidonge. Parasetamoli mbili kila saa sita, zisizidi nane kwa siku. Bibi mkubwa, mwenye ufunguo wa kabati, kasoma "kila saa sita". Basi napewa mbili saa sita mchana, na mbili saa sita usiku.

"Mke wangu, maana yake ni kila zikipita saa sita!"

"Mume wangu, ungekuwa daktari ungejipasua mwenyewe."

Shangazi yake alikuja na mafuta ya nazi anichue. Nilipokataa alinuna, kaenda na mafuta yake.

Sasa ni saa tano na dakika arobaini. Barafu ya mwisho imo kinywani mwa mjukuu.

"Babu, hii ya gotini tamu!"

Bado dakika 20.