Sifa za Laptopu Isiyosahau Waifai

Watu husifu betri ya laptopu, kioo chake, hata wepesi wake ndani ya matatu. Ile orodha ya waifai ilizozihifadhi haina wa kuisifu. Nitaisifu mimi, tena siku ilipogoma, maana hapo ndipo adabu yake inapoonekana.

Kwanza, ina uaminifu. Keateka wa ploti ya Kimbo, Ruiru, akibadilisha paswadi usiku ili wasiolipa wakatike, kufikia asubuhi wapangaji wako mlangoni pake wakifoka. Laptopu haifoki. Inajaribu paswadi ya zamani, inakataliwa, inajaribu ileile tena. Imekanwa, lakini haijakana.

Pili, haibagui. Wewe wa Ruiru umeiita waifai yako Home, na binamu yako wa Makongeni, Thika, naye kaiita Home. Ukimtembelea, laptopu inaona jina inalolijua na kujaribu paswadi ya Ruiru bila haya. Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa 2012, iliisogeza miji hii karibu. Laptopu imeifanya nyumba moja.

Tatu, ina msimamo. Fundi wa ofisini Thika aliiandikia kwa mkono anwani 192.168.1.50. Jioni uko Ruiru, ambako ruta inagawa anwani za 192.168.0. Mistari ya mawimbi imejaa yote na hakuna ukurasa unaofunguka. Ni kama mtumishi wa umma aliyehamishwa, ila kila asubuhi anaripoti kituo cha zamani.

Wasio na shukrani wana dawa zao. Paswadi ikibadilika, wanabonyeza kitufe cha kusahau mtandao huo, kisha wanaingiza mpya. Anwani ikigoma, wanairudisha ijipatie yenyewe kutoka kwa ruta. Dakika chache, mambo sawa. Hasara iliyoje! Waifai ikiitika mara moja, nani atabisha kwa jirani wa mlango wa tatu na kujua jina lake? Watoto watamwona baba yao saa ngapi akiwa amekaa bila kuandika chochote? Na fundi wa saiba pale Ruiru atakula nini?

Mtazame huyo fundi akiwa kazini. Anafungua dirisha jeusi, anaandika netsh wlan show profiles, na majina yanateremka moja baada ya jingine: ofisi, chuo, kinyozi, matatu, gesti ya Thika, simu ya mtu mliyeachana zamani. Hakuna daftari la mahudhurio lililotunzwa vizuri hivyo, na hili halikuhitaji karani.

Kwa hiyo ukimsikia mtu wa Thika Road akimwomba fundi, kwa sauti ya chini, amfutie mitandao yote aanze upya, usiharakishe kudhani kwamba kinachomsumbua ni waifai.