Hakuna Nini?

Bango la duka la shangazi, kule Barabara ya 12, Tanga, liliandikwa na fundi ambaye sasa ni marehemu: HAKUNA MKOPO. KARIBUNI SANA. Marehemu alipenda madoido, kwa hiyo HAKUNA akaipaka nyekundu iogopeshe watu, mengine akayapaka meusi. Nyeusi ya masizi haijali jua. Nyekundu ile ilijali sana. Ikapauka mwaka hadi mwaka, mpaka bango likabaki linasema: MKOPO. KARIBUNI SANA.

"Shangazi, mimi siombi," jirani mmoja alisema, kilo mbili za unga tayari ziko kwapani. "Nimeitikia wito."

Daftari la madeni lilipoanza juzuu ya pili, nikajitolea kulifufua bango. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianza kwa vibao na rangi ya baiskeli, akatuachia jina linalotajwa mpaka Ulaya. Mimi nilikuwa na kibao, tena baiskeli yenyewe ninayo.

Jioni niliumulika ubao kwa tochi kutoka ubavuni, na HAKUNA ikajitokeza! Rangi ilikuwa imezikinga herufi wakati jua na mvua vikiula ubao pembeni, zikabaki zimeinuka kidogo, unazisoma hata kwa kidole. Mtu mwenye akili angeweka karatasi juu yake, akanakili kwa penseli. Mimi nilipiga msasa kila kitu ili nianze pasafi. Ile K ya marehemu, yenye mguu uliorushwa mbele kama wa mcheza ngoma, ikawa vumbi kwenye ndala zangu.

Kisha nikapaka rangi ya maji, kwa kuwa ni ya bei nafuu, juu ya ubao ambao bado ulikuwa na mafuta ya rangi ya zamani. Kufikia adhuhuri ilikuwa imejikunja kama manda za sambusa. Nikanunua ya mafuta. Kanzu ya mjomba iliyokuwa imeanikwa jirani tusiizungumzie.

Mafundi huhesabu herufi kwanza, wakapiga mistari kwa uzi wenye chaki, wengine wakaanzia herufi ya katikati. Mimi nilianzia kushoto, kwa H yenye kifua kama cha askari wa gwaride. HAKUNA ikamaliza ubao. MKOPO nikaibana chini kwa brashi ya kucha, na KARIBUNI SANA ikapanda ukingoni mfano wa siafu wanaohama.

Shangazi alilitazama kwa muda mrefu. "Mwanangu, huu mkopo mbona unanong'ona?"

Asubuhi akaja mzee mmoja na kikapu, akasimama ng'ambo ya barabara.

"Mama, sukari hakuna?"

"Ipo."

"Na unga?"

"Upo."

Akalitazama bango, akamtazama shangazi. "Sasa hakuna nini?"

Shangazi akaninyooshea kidole. "Fundi."